Mtafsiri Akinyamaza, Jua Muvi Ina Kitu

Nimechoka kuulizwa "kaka, muvi gani kali sasa hivi?" mana jibu langu halimridhishi mtu. Ukimwambia ile ni kali mpaka katikati halafu inajiharibu yenyewe, au ile nyingine hadithi yake bure kabisa ila kuna dakika ishirini mle ndani huzipati kwingine, anaona unajishaua. Watu wanataka nyota, tano au moja, basi. Mie nyota sina. Nina sifa na nina malalamiko, na mara nyingi vyote vinatoka kwenye muvi moja, kwahiyo leo namwaga yote kuhusu hizi za miaka ya karibuni, na anayetaka nyota akakae Raskazone usiku atazame juu.

Kwanza mjue naangalizia wapi, mana hilo linabadilisha hukumu. Niko Tanga. Muvi mpya ikitoka, mwenye nafasi anapanda basi anaenda kuiona Dar kwenye skrini kubwa na bisi mkononi, sie wengine tunasubiri iingie mtaani, tukaijaze kwenye flashi, au ununue bando la usiku ushushe mwenyewe huku unaomba umeme usikatike. Nyumbani nina tv ya inchi 32. Jioni nikiwa sina kazi nakwenda banda moja huko Ngamiani, benchi za mbao, feni limeelekezwa kwa mwenye banda tu, kiingilio mia tano, siku ya mpira buku. Kibanda umiza, mnavijua.

Muvi nyingi pale zinakuja zimeshatafsiriwa, yani sauti ya DJ juu ya sauti ya wazungu, kazi ambayo wa umri wangu tuliijulia kwa Lufufu. Lakini muvi ikiwa bado ya moto, haijapita kwa DJ yoyote, kazi inafanywa na jamaa mmoja tunamwita Ticha, anakaa benchi la mbele, shingo nusu kwa skrini nusu kwetu, anatueleza. Kiingereza chake kinatosha, na pasipotosha anajaza mwenyewe. Mzungu akisema maneno matano Ticha anaweza kutoa ishirini, na masteringi wote kwake wamekulia Makorora.

Sasa nimekaa karibu na Ticha muda mrefu nikagundua kitu. Muvi ikiwa dhaifu Ticha anaongea mfululizo, anachomekea matusi madogo, anaiingiza timu yetu Coastal Union mahali ambapo haihusiki, anafanya juu chini watu wasitoke. Muvi ikifika mahali pake Ticha ananyamaza. Wala mwenyewe hajui kama amenyamaza. Hicho ndo kipimo changu siku hizi, na kwa kipimo hicho nawaambia, muvi kubwa tunazoletewa zina hela, zina mafundi hatari, ila zina maneno mengi mno.

Chukua Mission: Impossible – The Final Reckoning ya 2025. Dakika 169. Saa nzima ya mwanzo ni watu wamesimama kwenye vyumba vya giza wanapokezana sentensi, huyu anaanza, yule anaendeleza, wa tatu anamalizia kwa kunong'ona kwamba dunia inakwisha. Ticha siku ile nilimhurumia. Ilibidi atueleze kwamba adui ni programu ya kompyuta iliyopata akili inataka kushika mabomu ya nyuklia ya nchi zote, akatueleza ule ufunguo wa muvi iliyopita, akatueleza hizi picha za Tom Cruise akiwa kijana ni za wapi, mana wanarudisha vipande mpaka vya ile ya kwanza ya 1996, halafu mtu wa nyuma kabisa akauliza "sasa adui ni nani?" ikabidi aanze upya.

Halafu ikaja ile ya nyambizi. Jamaa anazama peke yake kwenye nyambizi ya Kirusi iliyolala chini ya bahari ya barafu, anaingia ndani, na uzito wake na maji vinafanya nyambizi ianze kubingirika kuelekea kwenye kina zaidi, sakafu inakuwa ukuta, ukuta unakuwa dari, maji yanahama naye chumba hadi chumba, na yale makombora marefu yanaporomoka huku yeye yuko katikati anatafuta pa kushika. Muda wote ule karibu hamna neno linasemwa. Ticha kimya. Banda kimya, mpaka muuza karanga kasimama mlangoni na kikapu chake hauzi. Mwishoni jamaa anavua suti ya kuzamia anapanda juu kwa pumzi yake tu kwenye maji ya barafu, hapo ndo mzee mmoja mvuvi wa kule mwalo wa Deep Sea akakohoa akasema "huyo alishakufa kitambo, mapafu hayaendi hivyo", na kweli muvi yenyewe inamwokota kama maiti na kumtia kwenye chumba cha kurudisha presha, lakini mzee hakuridhika, anazijua bahari hizi. Basi kwa dakika zile ishirini namsamehe Cruise mengi. Na ile ya ndege mwishoni, ndege ndogo za zamani za mabawa mawili, walipigia Afrika Kusini, mtu mwenye miaka 62 ananing'inia nje ya ndege upepo unamvuta mashavu. Kali. Ila ukiniuliza kama muvi ni nzuri nakwambia muvi ni nzuri kuanzia katikati, nusu ya kwanza nenda kaswali, kanywe chai, rudi.

Oppenheimer (2023), ya yule mwanasayansi aliyeongoza kutengeneza bomu la atomiki, haikuwahi kumaliza robo saa pale bandani, watu walipiga kelele ikatolewa ikawekwa ya Jason Statham. Siwalaumu. Saa tatu kamili za Christopher Nolan, wanasayansi wanaongea, wanasheria wanaongea, maseneta wanaongea, na picha inaruka kutoka rangi kwenda nyeusi na nyeupe bila kukuomba ruhusa. Nimeiona nyumbani, subtaito zimewashwa. Ilichukua Oscar 7 mwezi Machi 2024 ikiwemo ya picha bora na ya Cillian Murphy, na ya Murphy naikubali mikono miwili, uso ule una kazi zaidi ya maneno yote aliyoandikiwa. Jaribio la bomu pale jangwani New Mexico, tarehe 16 Julai 1945, wamelifanya ipasavyo: mwanga unakuja kwanza, halafu kimya, unasikia pumzi za watu tu, moto unapanda na bado kimya, unasahau kabisa kwamba sauti iko njiani, na inapofika, jirani yangu aligonga ukuta. Huo ndo ukweli wa mambo yenyewe, mwanga unafika kabla ya mshindo, lakini kuuacha ule mda wote bila muziki unataka roho ngumu.

Wengi walilalamika kwamba Hiroshima haikuonyeshwa. Mie hapo natofautiana nao. Rudi uangalie ile sehemu ya ukumbini, watu wanapiga miguu wanamshangilia Oppenheimer, anatoa hotuba ya furaha huku masikio yake yameziba, halafu anaona ngozi ya msichana aliyeko mbele yake inabanduka. Mle ndani mna Hiroshima ya kutosha. Kilichonishinda ni saa ya mwisho. Bomu limeshalipuka, maelfu wameshakufa, halafu tunakaa tunasikiliza mgogoro wa nani alimnyima nani kibali cha kuona siri za serikali mwaka 1954 na nani asipitishwe uwaziri 1959. Robert Downey Jr. anaigiza vizuri sana huyo Strauss, mkubwa wa serikali mwenye kinyongo na Oppenheimer, nakubali, lakini baada ya lile bomu kinyongo cha mtu mmoja kinanihusu nini?

Dune: Part Two ndo ngumu kwangu kuihukumu, kwasababu ya watu niliokaa nao. Denis Villeneuve, mwongozaji wake, alishawahi kusema hadharani kwamba hapendi kabisa maongezi kwenye sinema, kwake maongezi ni ya jukwaani na ya tv, na ukiangalia muvi hii ya 2024 unaona hakuwa anatania. Paul, yule kijana steringi, anapompanda yule nyungunyungu mkubwa kwa mara ya kwanza, mchanga unaporomoka, sauti inaanzia tumboni kwako, hata spika mbovu za pale bandani ziliweza. Ile ya uwanja wa mapigano wa wale Harkonnen, ukoo wa maadui zake, jua jeusi, kila kitu kimepauka kabisa, watoto walisogea karibu na mama zao.

Lakini sie wa pwani kule jangwani hatukuwa wageni. Wakianza kumwita yule kijana Mahdi, jina la mwokozi anayesubiriwa na Waislamu, banda lilibadilika. Kuna mzee anafundisha madrasa, huwa haji, siku hiyo kaletwa na mjukuu, akainuka akasema "hii sasa wanachezea dini". Na Ticha, ambaye kwa kawaida hashindwi neno, akashindwa. Ikabidi mie nidakie kwamba hapana sheikh, muvi yenyewe inasema huyu siye, kuna kundi la wanawake wenye siri zao walipandikiza bishara za uongo kwa watu wa jangwani vizazi na vizazi ili siku moja mtu wao akija apokelewe, na kijana anajua kwamba akikubali atamwaga damu, na anakubali. Mzee akakaa akaangalia mpaka mwisho, uso umekunjwa. Alipotoka akaniambia "basi wangetafuta jina lingine." Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Frank Herbert aliandika kitabu chake mwaka 1965 kwa kuchota kwenye Kiarabu na Uislamu waziwazi, muvi imechota hivyo hivyo, mavazi, sala, ila wenye asili ya huko kwenye nafasi kubwa ni wa kutafuta. Wanalipenda jangwa lenyewe, walipiga picha Jordan na Abu Dhabi, wenye jangwa hawawahitaji sana.

Yule Stilgar wa Javier Bardem alituchekesha, kila anachofanya kijana kwake ni ishara, akikataa kuwa Mahdi anasema ndo unyenyekevu wa Mahdi huo. Kila mtaa una Stilgar wake, tena wakati wa uchaguzi wanakuwa wengi. Na Zendaya ndo mtu pekee mwenye akili mle ndani, muvi inamalizia kwenye uso wake, hasemi kitu. Upande wa udhaifu, mapenzi yao hayakunishika, wanapendana kwasababu ni wazuri na muvi inahitaji wapendane. Vita ya mwisho nayo inakwisha upesi mno baada ya kutuandaa karibu saa mbili na nusu. Bado ndo muvi ninayoifikiria zaidi katika hizi zote.

Gladiator II haraka haraka. Ridley Scott alirudi 2024 baada ya ile ya 2000, na kaleta hadithi ile ile na mtoto badala ya baba: shujaa anapoteza mke, anafanywa mtumwa, anapigana uwanjani, Rumi inatetemeka. Paul Mescal kijana mzuri ana mabega ila moto wa Russell Crowe hana. Wakajaza maji kwenye Colosseum wakatia papa. Maji nakubali, waandishi wa zamani wanasimulia Warumi walifanya vita za majahazi uwanjani, ila papa! Yule mzee wa Deep Sea alicheka mpaka akatoka nje. Kinachookoa muvi ni Denzel Washington. Anakaa vibaya kwenye viti, anachezea vitambaa vya nguo yake, anatabasamu wakati wa kutisha, yeye peke yake ndo anaburudika. Macrinus alikuwepo kweli kwenye historia, mtu wa Afrika ya Kaskazini, upande ambao leo ni Algeria, na alikuwa kaisari wa Rumi mwaka 217 na 218. Yani hapo kulikuwa na muvi nzima. Mwafrika anapanda ngazi mpaka kiti cha Rumi, na wao wakamfanya adui wa pembeni kwenye hadithi ya mtu ambaye tumeshaiona. Nilikasirika kweli kweli.

Mufasa: The Lion King, ya 2024 hiyo hiyo, niliiona na wanangu. Barry Jenkins ndo mwongozaji, aliyetengeneza Moonlight, mtu anayejua kupiga picha ya uso wa binadamu kuliko karibu wote walio hai, halafu wakampa simba wa kompyuta ambao nyuso zao haziendi popote. Simba analia, simba anafurahi, uso ni ule ule, mana simba halisi ndo alivyo. Kamera inazunguka vizuri, kwenye theluji pale pazuri, nyimbo nilizisahau nikiwa bado naziskia. Jina la Taka, yule ndugu wa Mufasa, tuliache. Wanangu waliipenda. Wana miaka sita na nane na wanapenda kila kitu.

Jurassic World Rebirth: mjusi mkubwa, watu wajinga, kisiwa. Mahershala Ali anastahili kazi bora kuliko kukimbia.

Kuna moja ya nyuma kidogo, 2022, ambayo pale bandani inaombwa mpaka leo na hasa na akina mama, The Woman King. Viola Davis na jeshi la wanawake wa Dahomey, ufalme wa Afrika Magharibi, wakiitwa Agojie, mwaka 1823. Kwenye mapigano mwongozaji Gina Prince-Bythewood hakuwahurumia waigizaji wake, unaona pumzi, unaona jasho, unaona Viola Davis mwenye miaka hamsini na zaidi anabeba panga ukaamini. Mama mmoja muuza vitumbua huwa anasimama wakati wa mafunzo, ile wanapita kwenye ukuta wa miiba, anasema "mwone mwanangu, mwone", utadhani kazaa yeye. Kwa hilo peke yake muvi imeshafanya kazi yake.

Tatizo langu liko kwenye historia, na mtu wa pwani hii nadhani ana haki ya kuwa na tatizo hilo. Muvi inataka tuamini kwamba mfalme Ghezo alishawishiwa na shujaa wake akaona aibu kuuza watu akageukia mafuta ya mawese. Ghezo wa kweli aliendelea kuuza watu miaka mingi baada ya hapo, mpaka Waingereza wakamfungia pwani ndo akatia saini mkataba mwaka 1852. Na wale wanawake mashujaa ndo walikuwa wanakwenda kuwateka hao wa kuuzwa. Muvi inaligusa, siwezi kusema wameficha, kuna sentensi mbili tatu, halafu inakimbia. Sie tunaishi kwenye pwani ambako misafara ilishuka, Pangani ile pale na Bagamoyo kule, na tunajua waliokuwa kwenye biashara ile hawakuwa wageni peke yao, kuna wenyeji walishika kamba. Muvi ingekuwa na nguvu maradufu kama Nanisca, yule jenerali wa Viola Davis, angekuwa ana damu hiyo mikononi, anaijua, na bado tunampenda. Mama wa vitumbua nilipomwambia haya akaniambia niache kumharibia.

Jawan ya 2023 inaniharibia nadharia yangu yote. Ile muvi haifungi mdomo. Shah Rukh Khan yuko mara mbili, baba na mtoto, anateka treni, anaibia matajiri kulipa madeni ya wakulima, ananyoa upara, anacheza, analia, anarudi, na mwishoni anasimama mbele ya kamera anatuhubiria kuhusu kidole cha kupigia kura, kwamba ukinunua dawa ya mbu unauliza maswali mengi ila ukichagua kiongozi huulizi. Kwa mtu mwingine hotuba ile ningeizima. Kwake banda lilipiga makofi, tena kuna waliosimama. Tanga tumelelewa na picha la Kihindi, wazee wetu walikuwa wanavaa kwenda kuliona jumapili, kwahiyo mtu akikohoa mbele ya Shah Rukh anatazamwa vibaya. Nikijitoa kwenye mapenzi hayo: saa ya pili inalegea, adui hana akili ya kutosha kumtisha steringi hata dakika moja, na wale wasichana sita wa timu yake, wawili tu ndo tunawajua, waliobaki wamebeba bunduki nyuma yake. Lakini mwongozaji Atlee anajua kitu ambacho Hollywood wamekisahau, kwamba mtu aliyelipa mia tano anataka kuona steringi anaingia. Anamwingiza yule mtu kwenye moto kwa uso umefungwa bandeji, polepole, na muziki, ukumbi unalia kabla hajafanya lolote.

Kwahiyo si kwamba maneno ni mabaya. Maneno ya Jawan tunayaelewa hata bila kuyaelewa, yanaimbwa, yanarudiwa, mkono unasaidia. Maneno ya Mission yanaeleza mtambo.

Halafu Sinners. Ryan Coogler, Aprili 2025. Mississippi mwaka 1932, mapacha wawili Smoke na Stack, wote Michael B. Jordan, wanarudi kutoka Chicago na hela zisizojulikana zilikotoka, wananunua kinu cha mbao waanzishe klabu ya muziki ya weusi usiku ule ule. Binamu yao Sammie mtoto wa mchungaji anapiga gitaa. Karibu saa nzima hamna jini wala zimwi, ni watu wanapanga shughuli. Wanafuata samaki, wanatafuta mpiga kinanda mlevi, wanabembeleza fundi wa kuandika kibao, wanabishana bei dukani kwa Wachina. Ticha aliona tabu mwanzoni akadhani watu watatoka, hawakutoka. Sie tunajua kuandaa shughuli! Kila mtu pale alishawahi kukodi viti.

Usiku Sammie anaimba, na ndo pale. Wimbo unafungua mlango, waliokufa wanaingia na ambao hawajazaliwa wanaingia, mara unaona mtu na gitaa la umeme la miaka ya baadaye, mara wapiga ngoma wa Kiafrika na mavazi yao, mara DJ na santuri, mara mchezaji wa opera ya Kichina anapita karibu na wale wenye duka, kamera inapita katikati yao wote bila kukatika, na dari linawaka. Tanga ngoma ya kupunga pepo haikuanza jana. Hamna aliyehitaji kuelezwa kwamba ngoma ikikolea wanakuja wengine. Ticha alikuwa anapiga goti lake kwa kiganja, neno hamna.

Halafu wanakuja wale wanyonya damu mlangoni, wazungu watatu na vyombo vyao vya muziki, wapole, wanaomba kuingia, na sheria yao ni kwamba hawawezi kuingia mpaka wakaribishwe. Sasa weka hiyo mbele ya watu ambao tangu utotoni wamefundishwa kwamba anayepiga hodi haachwi mlangoni. Benchi zilikuwa zinatingishika. Mwanamke anapopandwa na hasira akawaita waingie wayamalize, mama wa vitumbua alipiga ukelele "usiwakaribishe wee!" mpaka jirani akachungulia. Na Remmick yule adui ni bora kuliko maadui wote wa orodha hii kwasababu anachotoa si uongo mtupu. Anawaambia huku kwangu hamna mweusi wala mweupe, tutakuwa kitu kimoja, na yeye mwenyewe Muairish kwao walishanyang'anywa ardhi na dini. Unaona kwanini mtu angekubali.

Malalamiko ninayo hata hapa. Pambano lenyewe, baada ya kusubirishwa vile, ni vurugu, giza, hujui nani kamng'ata nani, na watu tuliowapenda saa nzima wanakwenda kwa sekunde. Asubuhi tena Smoke anawasubiri wale Klan, kundi la wazungu wabaguzi, na bunduki anawamaliza wote, na inaridhisha, banda lilishangilia, lakini ni muvi nyingine imebandikwa kwenye hii. Halafu majina ya waigizaji yameanza kupita, mwenye banda kanyanyuka kuzima, nikamzuia, mana kuna kipande cha Sammie mzee, mwaka 1992, anaigizwa na Buddy Guy mwenyewe, mpiga blues wa kweli, na kile kipande ndo mwisho halisi. Kwanini ukifiche mahali ambapo dunia nzima inazima? Mitaani kuna kopi zimekatwa hapo hapo, kuna watu wameiona Sinners na hawajaona mwisho wake. Pamoja na hayo, ni hadithi mpya, haitokani na kitabu wala muvi ya zamani, na iliingiza zaidi ya dola milioni 360 duniani, na Coogler alikubaliana na studio kwamba baada ya miaka 25 haki za muvi zinarudi kwake. Hilo la mwisho kwa mtu yoyote anayetengeneza filamu Bongo nadhani lina uzito kuliko muvi yenyewe, mana huku watu walishauza kazi zao moja kwa moja kwa msambazaji kwa bei ya pikipiki.

Nikaona basi na sie tuweke ya kwetu. Nikampelekea mwenye banda Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo wengi tumeisoma kidato cha tano na sita, Zanzibar ya miaka ya hamsini, Yasmin anatoroka ndoa ya mzee, Denge anahangaika na siasa za kumtoa Mwingereza. Ilionyeshwa tamasha la Toronto, na Tanzania iliipeleka kugombea Oscar. Kiswahili kitupu, Ticha likizo. Picha ni nzuri mno, mwanga wa taa za mafuta kwenye kuta, kanga, mitaa ya Mji Mkongwe usiku, ukungu, nilijisikia kujivuna. Lakini dakika zikaenda, na hapa napo kimya kingi, na kimya hiki hakikuwashika. Kule kwenye nyambizi kuna kitu unakisubiri kila sekunde, hapa mtu anatazama dirisha na sie tunamtazama yeye. Muvi inaruka mambo ambayo msomaji wa riwaya atajijazia, asiyesoma anabaki nje, wakaanza kuuliza huyu nani, yule kafungwa lini, na kwa mara ya kwanza muvi ya Kiswahili ikahitaji mtafsiri. Ticha akajitolea. Akaanza kutueleza Kiswahili kwa Kiswahili, na kusema ukweli alisaidia.

Kabla haijafika mbali mwenye banda akaitoa, Simba walikuwa wanaanza kucheza. Nikachukua flashi yangu nikaenda kuimalizia nyumbani. Nusu ya pili ni bora kuliko ya kwanza, tena kwa mbali, na pale Ngamiani hamna anayejua.